Nilikwenda kikaoni na neno, nikarudi nalo

Swali: "Assalaam aleikum, Bi. Mimi ni nahodha wa mashua, mkaazi wa Langoni, Lamu, umri miaka 36. Tangu baba yetu afariki mwaka jana, mimi ndiye ninayekaa mahali pake kwenye vikao vya ukoo kuhusu nyumba ya urithi iliyoko Mkomani. Tunakutana kiwandani, yaani ua wa ndani wa nyumba hiyo hiyo, watu saba au wanane. Maneno huanza na paa linalovuja, yakaingia harusi, yakaingia siasa, nikija kushtuka watu washavaa viatu na jambo nililokwenda kulisema bado liko kifuani. Barazani nako, nikikatizwa hadithi katikati sijui tena nilikuwa wapi. Mke wangu asema mimi simsikilizi. Je, huu ni ugonjwa? Niwe narekodi kwa simu? Au kuna njia ya kuizoeza akili?"

Jibu:

Waaleikum salaam, mdogo wangu. Mungu amrehemu mzee wenu, na akupe subira ya kukaa mahali pake, maana najua kiti cha marehemu kina uzito wake.

Mimi si daktari. Kazi yangu ni ukalimani wa Kiitaliano na Kiswahili hapa Malindi, mwaka wa 22 huu, na siku hizi nawafunza vijana wanaoingia katika kazi hii. Mtu husema dakika nne tano mfululizo, mimi nimenyamaza, halafu wote hunigeukia, na mimi natakiwa nimrudishie mwenzake kila alichokisema, kwa mpangilio wake, bila kuangusha hata kimoja. Kwa hiyo swali lako ni mkate wangu wa kila siku. La ugonjwa nitalirudia baadaye, kwa sababu kuna jambo moja katika barua yako ambalo huenda wewe mwenyewe hukulitilia maanani.

Watu hudhani wakalimani tumejaliwa vichwa vikubwa. Hatukujaliwa. Mwaka 1956 mwanasaikolojia wa Marekani, George Miller, aliandika kwamba mtu hushika akilini kwa mara moja vitu saba hivi, viwili juu au viwili chini. Mwaka 2001 Nelson Cowan akapitia majaribio mengi yaliyofanywa baada ya hapo, akaishusha hesabu hiyo hadi vinne hivi. Vinne! Na hivyo vinne havikai. Mwaka 1959 Lloyd na Margaret Peterson waliwapa watu herufi tatu tu wazikumbuke, kisha wakawahesabisha tarakimu kinyumenyume ili wasipate nafasi ya kuzirudia moyoni. Baada ya sekunde 18, karibu zote zilikuwa zimepotea.

Sasa jitazame kikaoni. Unalo neno lako, unalishika moyoni. Shangazi anazungumza, unamsikiza. Ami anamkatiza, unamsikiza na yeye. Kila sikio lako linapofunguka kwa mwingine, huna tena nafasi ya kulirudia lile lako. Lazima liponyoke. Angekuwa mtu yeyote, lingemponyoka.

Kuna na jambo la pili, nalo ndilo lililoniangusha mimi. Mwaka 2009 Tanya Stivers na wenzake walilinganisha mazungumzo katika lugha 10 za sehemu mbalimbali duniani, wakakuta kwamba pengo kati ya mtu kumaliza kuuliza na mwenzake kujibu kwa kawaida ni kama moja ya tano ya sekunde. Lakini kuandaa tu neno moja la kusema huchukua akili muda mrefu kuliko huo. Maana yake ni kwamba sote, hata watu wa adabu kabisa, huanza kutengeneza jibu kabla mwenzetu hajamaliza. Na mtu anayetengeneza jibu hasikii vizuri. Malcolm Brenner alilionyesha hili mwaka 1973: aliwaweka watu wakasoma maneno kwa zamu, na kila mmoja akawa anasahau zaidi yale yaliyosomwa muda mfupi kabla ya zamu yake mwenyewe.

Nikwambie yaliyonipata. Nilikuwa na miaka mitatu kazini. Ilikuwa kikao cha kuuziana shamba, hapa hapa Malindi, upande wa baharini. Muuzaji alikuwa mzee wa Kigiriama, mpole, asemaye taratibu. Akataja bei. Akataja mipaka. Akasema kwamba minazi saba iliyopandwa na mamake pale kisimani haimo katika mauzo, watoto wake wataendelea kuangua. Mimi nilikuwa nimekwama kwenye mipaka, natafuta neno la Kiitaliano la bikoni, ile alama ya mpaka, nikawa nalipanga mdomoni ili likitoka litoke sawa. Minazi ikanipita. Mkataba ukaandikwa bila minazi, na kosa lilikuwa langu, si la mwingine. Wiki kadhaa baadaye yule mzee alikuja nyumbani kwangu. Hakunifokea. Alikaa kwenye mkeka, akanywa maji, akaniuliza: "Mwanangu, minazi yangu uliiwacha wapi?"

Tuliitengeneza baadaye, kwa taabu. Lakini swali lake lilinibadilisha. Hakuniuliza kwa nini nimesahau. Aliniuliza niliiwacha wapi. Na jibu la kweli ni kwamba sikuiwacha mahali popote. Nilijaribu kuishika, na mikono ilikuwa imejaa.

Basi haya yote nitakayokueleza ni namna mbalimbali za jambo moja: usilishike neno, liweke mahali.

Wa kwanza kusimuliwa kwamba alifanya hivi ni mshairi wa Kigiriki, Simonides wa Keos, aliyeishi miaka 2500 iliyopita. Kisa chake kimeandikwa na Cicero, mwanasheria na msemaji wa Roma, mwaka 55 K.K. Simonides alikuwa karamuni, akaitwa nje, na mara alipotoka dari likaporomoka likawaua wote waliokuwa ndani. Maiti hazikutambulika. Lakini yeye alipofumba macho aliona nani alikuwa amekaa wapi, akawaonyesha jamaa wafu wao mmoja mmoja. Akatambua kwamba mahali hukumbukika kuliko maneno. Ukweli wa kisa siwezi kukudhaminia, ila njia yenyewe imepimwa. Mwaka 2003 Eleanor Maguire na wenzake, huko London, waliwachunguza watu 10 wenye kumbukumbu ya ajabu, wengi wao washindani wa mashindano ya dunia. Hawakuwa na akili kali kuliko watu wengine, wala bongo zao hazikuwa na umbo tofauti. Tisa kati yao walikuwa wakitumia njia hiyo ya mahali.

Wewe, mdogo wangu, una bahati ambayo washindani hao wangeililia. Kikao chako kiko ndani ya nyumba ya kale ya Lamu, na nyumba hiyo umeipita tangu unatambaa. Bibi yangu mzaa mama alikuwa na nyumba kama hiyo, na mimi hata leo, nikiwa mahakamani au ofisini, natembea humo. Unaijua njia: unaanza na daka, pale nje penye mabaraza mawili yanayotazamana. Unaingia mlango, uko tekani, ukumbi mdogo wa kuingilia. Unapinda, kiwanda hiki hapa, na mwanga wa juu. Kisha msana, chumba kirefu chembamba. Kisha ndani, chumba cha mwisho, chenye zidaka ukutani, safu juu ya safu, kwa plasta iliyochongwa, ambamo mabibi zetu waliweka mabakuli ya kaure na misahafu.

Usiku wa kuamkia kikao, ukiwa umelala, ingia nyumba hiyo kwa moyo. Weka jambo moja kila mahali. Usiliweke kama neno, liweke kama kitu kinachoonekana, tena kiwe cha ajabu kidogo, kwa sababu macho ya moyo hupita vitu vya kawaida bila kuviona. Hati ya nyumba: iweke dakani, si karatasi, iwe kubwa kama tanga, imetandazwa juu ya mabaraza yote mawili hata watu hawapati pa kukaa. Kodi ya chumba cha nje: tekani, sarafu zimemwagika mpaka miguuni, huwezi kupita bila kuteleza. Paa: kiwandani, maji yanaingia kwa ndoo. Na lile jambo ambalo unaogopa kulisema, kila mtu analo moja, hilo lipeleke ndani kabisa, ulitie katika kidaka cha katikati, ulifunike kwa bakuli zuri. Manne yatosha. Ukiwa nayo tisa, hayo matano mwachie mdogo wako ayaseme, au yangoje kikao kijacho.

Siku yenyewe, huna haja ya kukumbuka. Umekaa kiwandani, ukigeuza macho mlangoni unaiona teka na sarafu zake. Nyumba yenyewe inakusemea.

Hayo ni ya mambo unayokwenda nayo. Yale yanayozuka hapo hapo yana njia nyingine, na hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu ndipo unapopotelea.

Ukipanda juu kwa tanga dhidi ya upepo unabisha: unakwenda upande huu, unageuza, unakwenda upande ule. Hupotei, kwa nini? Kwa sababu kila unapogeuza unajua umegeuzia wapi, mwamba ule uko kushoto, mnara ule uko nyuma. Kati ya geuzo na geuzo hujali sana. Mazungumzo ya watu wetu hubisha vivyo hivyo, hayaendi moja kwa moja hata siku moja, na si kasoro, ndivyo watu wanavyokaribiana. Wewe kosa lako ni kwamba unafuatilia maji yote na geuzo unaliachia lipite.

Chukua kikao chako. Ami asema paa linavuja kwa sababu boriti zimeoza. Mwingine ajibu boriti za siku hizi si kama za zamani, na bei yake imepanda. Wa tatu asema bei imepanda kwa sababu ya vibali vya kukata mikoko. Wa nne: vibali hivyo, ukimjua mtu, unapata kesho. Wa tano: mtu mwenyewe ni yule anayetaka kugombea. Na hapo tena, kwaheri, mmeingia uchaguzi mpaka adhana. Mageuzo ni manne tu: boriti, bei, kibali, mgombea. Kama uliyasikia yanapogeuka, unaweza kurudi nayo nyuma moja moja mpaka kwenye paa. Kama hukuyasikia, uko baharini usiku.

Na mageuzo yana sauti. Watu wetu hawageuzi maneno kimyakimya. Sikiza: "Umenikumbusha…" Sikiza: "Hilo tuliache kwanza." "Ama tukija kwenye…" "Kwani hamkusikia?" "Tena, afadhali umesema." Na kukatwa kauli yako, nako ni geuzo. Mwambie sikio lako lilinde maneno hayo tu, na kila likisikia moja, wewe fanya kitu kimoja kidogo: weka dole gumba kwenye pingili ya kidole.

Unajua kuhesabu dhikri kwa vidole, pingili tatu kila kidole. Ni mkono ule ule. Paa liliachwa halikuisha: gumba kwenye pingili ya kwanza ya kidole cha shahada, na moyoni neno moja, "paa". Kisha kodi ya chumba ikaachwa: pingili ya pili, "kodi". Hakuna anayekuona, mkono uko juu ya paja. Neno liwe moja tu. Ukianza kujieleza kwa sentensi, umeacha kusikiza, na umerudi kwenye kosa langu la minazi. Mkono mmoja usibebe zaidi ya manne, kwa sababu nilizokueleza. La tano likija, hiyo ni ishara ya kufungua mdomo: "Jamani, kuna manne tumeyaacha hewani, tufunge hata moja."

Wako wanafunzi wangu ambao vidole haviwafai, wao huweka jambo juu ya mtu. Nayo ni njia nzuri, khasa kwenu ambako kila mtu ana mahali pake pa kukaa na hapahami. Kila jambo lililoachwa njiani ni deni, na deni lina mwenyewe. Ami alianza habari ya paa hakumaliza: mvike ndoo kichwani badala ya kofia. Shangazi aliuliza habari ya kodi hakujibiwa: sarafu zimejaa katika buibui lake. Ukiwatazama tu usoni, unajua nani bado anadai. Mimi naipenda hii kuliko ile ya vidole kwa sababu ya heshima iliyomo. Wiki mbili baadaye ukimwambia shangazi, "Ulituuliza jambo la kodi, hatukukujibu," utaona uso wake.

Kuhusu kurudia nyuma, kuna jaribio moja ninalowaonyesha wanafunzi. Mwaka 1969 Gordon Bower na Michal Clark waliwapa watu orodha 12 za maneno 10 kila moja. Kundi moja liliambiwa liunge maneno ya kila orodha kuwa hadithi, kundi jingine lijifunzie litakavyo kwa muda ule ule. Mwishoni walipoulizwa orodha zote, wenye hadithi walikumbuka asilimia 93 ya maneno, wengine asilimia 13. Kamba ya paa, boriti, bei, kibali na mgombea ni hadithi tayari, mmeisuka wenyewe. Wewe ni kuikumbuka tu kwamba ni kamba.

Sasa la kukatizwa. Najua baraza za Lamu. Uko katikati ya neno, sauti yatoka kichochoroni, punda anakuja na mzigo wa mawe pande mbili, nyote mnainua miguu, mmoja anamtania mwenye punda, mwingine anauliza mawe yanapelekwa nyumba ya nani, na punda akishapita hadithi yako imekwenda naye. Dawa yake iko kabla ya kunyamaza. Usikubali kukatika bila kusema neno la mwisho kwa sauti, tena neno la mbele si la nyuma: "…basi pale Kiwayu, injini ilipozima, ngojeni." Sema "ilipozima". Watu wawili watatu watakuwa wameisikia, na mmoja wao atakwambia, "Enhe, injini ikazima." Umeiweka kwa wenzako. Hakuna aibu katika hilo, ndiyo kazi ya kuwa barazani na watu.

Adhana ni ngumu zaidi, kwa sababu mnaondoka. Gabriel Radvansky na wenzake, Marekani, walionyesha mwaka 2011 kwamba kupita mlango tu, kutoka chumba hiki kuingia kile, kunatosha kumsahaulisha mtu alichokuwa nacho akilini. Akili huchukulia kwamba mambo ya chumba cha nyuma yamekwisha. Nyinyi mnapita milango mingapi hadi msikitini na kurudi? Kwa hiyo kabla hamjainuka, wewe ukiwa na mahali pa baba yako una haki ya kusema: "Tukirudi tunaanza na kodi, kisha paa." Ukishasema hivyo na wewe mwenyewe utaswali kwa utulivu. E. J. Masicampo na Roy Baumeister walichapisha mwaka 2011 majaribio yanayoonyesha kwamba jambo ambalo halijaisha huacha kumsumbua mtu pale tu anapolipangia lini na vipi atalimaliza.

Simu usirekodi. Kuna mambo ya nyumba ambayo watu husema kwa sababu tu wanajua yataishia pale, na siku watakapoona simu yako katikati ya mkeka hawatayasema. Tena nani atasikiza saa tatu za kikao usiku? Mtu anayejua kinarekodiwa huacha kusikiza, nimeliona hilo kwa wanafunzi mara nyingi. Daftari ni jambo jingine, lakini omba idhini kwanza, "Wazee, niruhusuni niandike vichwa vya maneno nisije nikawakosea." Sisi wakalimani huandika kidogo sana. Mwaka 1956 Jean-François Rozan wa Geneva aliiwekea kazi hii kanuni chache ambazo bado zinafundishwa: andika wazo si neno, fupisha, nenda kwa kushuka ngazi upande wa kulia. Mimi kila jambo likigeuka napiga mstari wa kukata karatasi. Jambo lisiloisha nalizungushia duara. Kikao cha saa mbili kikiisha, ukurasa wangu una maneno 30 pengine, na maduara. Ukiweza kufanya hivyo, maduara ndiyo ajenda ya kikao kijacho.

Mazoezi ni ya usiku. Ukitoka barazani, kabla hujalala, jiulize: tulianza na nini, tukageukia nini, tukaishia wapi? Usitafute maneno, tafuta mageuzo. Siku za kwanza utapata mawili. Baada ya majuma matatu utashangaa. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwamba kujiuliza na kujaribu kukumbuka huliimarisha jambo kwa siku nyingi kuliko kulisoma tena na tena. Hata ukikosa, ule mkazo wenyewe wa kutafuta unafanya kazi.

Sasa mke wako. Hilo silitii katika kapu moja na ya kikao. Yeye hakusema unasahau, asema humsikilizi, na mwanamke akisema hivyo mara nyingi anajua tofauti. Usimletee zidaka wala pingili. Akizungumza, simu iwe chumba kingine, na akifika mwisho wa jambo usimpe suluhisho. Mrudishie kwa maneno yako kile ulichokisikia: "Yaani uchungu wako si pesa, ni kwamba hakukuuliza." Kama umekosea atakusahihisha, na ukisahihishwa utakuwa umesikia mara mbili. Kama umekesha baharini usiku kucha na macho yanafumba, mwambie kweli, "Nipe saa mbili nilale, kisha niko nawe," halafu uamke kweli.

Na hapa ndipo lile jambo nililosema nitalirudia. Wewe ni nahodha. Mashua yako, nadhani, inakwenda kwa injini ya nyuma, na umekaa karibu nayo miaka, siku baada ya siku. Kelele za namna hiyo huharibu kusikia kidogo kidogo bila maumivu, na kinachotangulia kupotea ni sauti nyembamba, zile za herufi kama s na f, ndipo mtu huanza kusema nasikia watu wanaongea ila sielewi wanasema nini. Na mtu asiyesikia vizuri akili yake yote inatumika kubahatisha maneno, hapabaki kitu cha kuyakumbuka. Huonekana msahaulifu. Huonekana hasikilizi. Jipime hivi: ukiwa na mtu mmoja chumba kimya, unafuatilia vizuri, lakini wakiwa wanane kiwandani unapotea? Je, wa nyumbani hukwambia redio iko juu? Sauti za wanawake na watoto ndizo zinazokupita zaidi kuliko za wanaume? Ukiitikia mawili kati ya hayo, nenda hospitali ukapimwe masikio kabla ya kitu kingine chochote. Kipimo chenyewe hakiumi: unavaa vifaa masikioni, unasikiza milio midogo na kuinua mkono. Na kuanzia leo, ziba masikio ukiwa karibu na injini, kuna vizibo vidogo vya sponji.

Zaidi ya hapo, kulala vibaya, huzuni ya msiba na mawazo huyafanya haya yote kuwa mabaya mara mbili, na wewe umefiwa na baba juzi tu. Hilo lipe muda wake. Cha kukufanya umuone daktari haraka ni dalili za namna nyingine: kusahau majina ya watu wa nyumbani, kupotea njia unazozijua, kuuliza swali moja mara tatu kwa saa moja bila kujua umeshauliza, au mabadiliko ya ghafla ya usemi, uso kupinda, mkono kulegea. Hayo ya ghafla usingoje hata mashua ya asubuhi.

Kikao kijacho usijaribu yote. Usiku wa kuamkia, ingia nyumba kwa moyo, uweke mambo mawili tu: moja tekani, na lile unaloliogopa ndani, kidakani. Siku yenyewe tumia dole gumba kwa mageuzo, basi. Paa likishazungumzwa na watu wakinyamaza kidogo kunywa kahawa, inua macho uutazame mlango wa chumba cha ndani, kisha uliseme. Na ukishapimwa masikio, niandikie waliyokwambia.